MAFURIKO YA MTO PANGANI NA HUKUMU ZA MWENYE KUZAMA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye maji kutoka mbinguni kwa kiasi akitakacho, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, na khasa nyinyi watu wa mwambao, wa Pangani na Tanga na Bagamoyo, mnaopanda bara kununua mahindi na mbuzi, kitabu hiki kidogo kimeandikwa Sindeni, njiani baina ya Korogwe na Handeni, kwa sababu ya masuala ambayo hayaachi kuletwa kila mvua inapozidi. Watu huuliza: Aliyechukuliwa na maji akafa, je, huyo ni shahidi? Maiti yake huoshwa, au maji yaliyomuua yamekwisha muosha? Asipoonekana, atasaliwa vipi? Na waliozama pamoja, baba na mwanawe, nani amrithi nani? Na aghlabu suala hili la mwisho ndilo linaloletwa mwanzo, hata matanga hayajaisha.

Tutayajibu yote kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, inshallah. Lakini kabla ya hukumu yapasa kuujua mto wenyewe, kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua hukosea hata akiwa na vitabu vyote mbele yake.

KHABARI ZA MTO

Mtu wa pwani huuona mto Pangani mwisho wake, mpana na mtulivu, mashua zikivuka. Hafikiri ya kuwa maji yale yametoka mbali, mwendo wa kilomita 500 hivi, katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, na kutoka hapo mto hushuka chini ya milima ya Upare na Usambara, ukafika Korogwe, kisha Hale kwenye maporomoko, kisha ukaingia baharini. Nchi yote inayomwaga maji yake katika bonde hili ni zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Basi mtu aweza kusimama Pangani mjini katika jua kali, na maji ya mvua iliyonyesha juu siku zilizopita yako njiani yanamjia.

Wako wasemao: Bwawa limekwisha jengwa, basi mafuriko ya nini tena? Jawabu ni kwamba bwawa huzuia maji ya juu yake tu. Mto Mkomazi na mto Luengera, ichukuayo maji ya Usambara, huingia chini ya bwawa, na mvua ikinyesha milimani usiku kucha bwawa halina la kufanya.

Nasi huku kusini mwa mto, katika nchi ya Wazigua, tuna makorongo. Korongo hudanganya kuliko mto. Mto mtu huuogopa kwa sababu huuona una maji kila siku. Korongo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Watoto huchezea, ng'ombe hupita, wanawake huchimba humo visima vya kuteka maji. Kisha mvua hunyesha vilimani mahali usipopaona, na kwa muda mchache ile iliyokuwa njia huwa maji mekundu yenye magogo na mawe ndani yake. Mgeni hufika, akaona upana wake si kitu, akasema: Hili ni korongo tu.

KHABARI ZA TUFANI NA MVUA KUBWA

Wazee wa Unguja walikuwa wakiitakidi ya kuwa kisiwa chao kiko nje ya njia ya tufani. Katikati ya Aprili 1872, mwaka wa 1289 wa Hijra, katika zama za Sayyid Barghash, ikaja tufani iliyovunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Miaka themanini baadaye, katikati ya Aprili vilevile, mwaka 1952, kimbunga kikapiga Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kikafika Mafia. Mwenye kuhesabu ataona ya kuwa zote tatu zimekuja baina ya Aprili na Mei, wakati kaskazi imekwisha ondoka na kusi ndiyo kwanza inakaa.

Ama mvua za bara, mwaka 1961 mvua ya vuli ilizidi katika Afrika Mashariki yote hata Ziwa Viktoria likapanda, na likakaa juu miaka mingi. Mwaka 1997 na 1998 zikaja mvua ambazo watu wote wamezishika kwa jina la El Nino. Na Oktoba 2019 ikaja vuli ambayo sisi wa njia hii hatuisahau: mvua kubwa ilipiga mkoa wa Tanga, watu wakafa, na barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni ikakatwa na maji. Mwaka ule bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko desturi, na upande wa Indonesia ikapoa. Mvuke ukawa mwingi huku, nayo mvua ikafuata mvuke. Na tarehe 3 Desemba 2023, huko Hanang katika mkoa wa Manyara, mvua ilishusha matope na mawe kutoka mlimani juu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu, wakafa watu wengi.

Wala msidhani ya kuwa mji mtukufu wa Makka umesalimika na mambo haya, nao uko katika bonde lisilo na mto. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) yalikuja mafuriko yaliyoingia Msikitini yakaliondoa Maqamu Ibrahimu mahali pake, na yakamchukua mwanamke aitwaye Ummu Nahshal, ndiyo maana mafuriko yale yakaitwa kwa jina lake. Umar alipopata khabari alitoka Madina akaja mwenyewe, akauliza wenye kujua mahali pa Maqamu, akalirudisha. Kisha akajenga kingo upande wa juu wa Makka ili maji yasiingie tena. Na mwaka 1039 wa Hijra, ndio 1630, mafuriko yaliangusha kuta za Alkaaba yenyewe, ikajengwa upya katika zama za Sultani Murad wa Nne. Tazameni alivyofanya Umar. Hakuwaambia watu wa Makka ya kuwa jambo limekwisha andikwa, akakaa. Alijenga kingo.

SUALA: JE, MAFURIKO NI ADHABU?

Kila baada ya msiba kama huu husimama mtu, aghlabu msikitini, akasema ya kuwa fulani na fulani wamezama kwa madhambi yao, au kijiji fulani kimepigwa kwa sababu ya ngoma zake. Huu ni ujasiri mbaya. Ni kweli Mwenyezi Mungu ametueleza khabari za watu wa Nuhu (A.S.), na khabari za Sabaa ambao boma lao la maji lilibomoka. Lakini tumejua ya kuwa hao waliadhibiwa kwa kuwa wahyi umetuambia. Je, wahyi umeteremka juu ya mafuriko ya Handeni? Mtume wetu (S.A.W.) katika Hadithi aliyoipokea Bukhari na Muslim amewahesabu mashahidi watano, na mmoja wao ni aliyezama, na mwingine aliyeangukiwa na jengo. Basi Mtume anamwita shahidi, na wewe unamwita muasi, nani asikilizwe?

Mwenye kuona mvua inazidi ana dua ya kusoma. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia ya kuwa mtu mmoja aliingia Msikitini siku ya Ijumaa akamwomba Mtume dua ya mvua; ikanyesha juma zima; Ijumaa ya pili akaingia mtu akasema mali zimeangamia na njia zimekatika; Mtume akaomba mvua iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, iende vilimani na mabondeni na penye mizizi ya miti. Angalieni ya kuwa hakuomba iondoke kabisa, kwani mvua ni rehema. Aliomba ielekezwe mahali pa manufaa.

SUALA: ALIYEJITIA MAJINI MWENYEWE NAYE NI SHAHIDI?

Hapa ndipo penye kiini cha kitabu hiki. Hadithi ile ya mashahidi watu wameigeuza. Husimama ukingoni mwa korongo lililojaa, mmoja akasita, mwenziwe akamwambia: Twende, ajali haikimbiwi, na tukifa tumekufa mashahidi. Nimeisikia kwa masikio yangu, na si mara moja.

Jawabu. Jueni ya kuwa wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili wazi. Zarkashi, katika kueleza nani hutolewa katika daraja ya shahidi, amemtaja aliyepanda bahari hali ya kuwa amefanya maasia kwa kupanda kwake, kama bahari ambayo ndani yake aghlabu hakuna salama. Na Ramli katika sherehe yake ya Minhaji amepambanua vizuri zaidi. Maana ya maneno yake ni haya: ikiwa maasia yalikuwa pamoja na safari tu, wala si sababu ya mauti, mtu hupata ushahidi wake, na dhambi yake ni mbali. Lakini ikiwa sababu yenyewe ya mauti ndiyo maasia, kama mwenye kuendesha chombo wakati ambao vyombo haviendi, akazama, huyo hapati daraja ya shahidi.

Nyinyi watu wa pwani mwalifahamu hili kuliko sisi. Mwajua ya kuwa bahari ina wakati wa kufungwa. Nahodha atwekaye tanga kusi imekaza na bahari imechafuka, hali wenziwe wote wamepandisha vyombo, hasemwi ya kuwa ni shujaa; husemwa ya kuwa ameua watu. Basi korongo nalo lina wakati wa kufungwa. Linapojaa limefungwa, hata pasipo mtu wa kulifunga.

Na tazameni Haji, nayo ni nguzo ya Uislamu. Imamu Nawawi amesema katika Minhaji ya kuwa kupanda bahari kwa ajili ya Haji ni wajibu ikiwa salama ndiyo iliyo na nguvu. Ikiwa kuangamia ndiko kwenye nguvu, au mambo mawili ni sawasawa, haiwi wajibu, bali ni haramu kupanda. Ikiwa mtu hakuruhusiwa kuitafuta nyumba ya Mungu katika maji ya namna hiyo, atayatafuta magunia ya mahindi?

Ama neno la kusema ajali haikimbiwi, Sayyidna Umar amekwisha lijibu. Alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia ya kuwa tauni iko huko, akarudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu ya kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na Mtume (S.A.W.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Na katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizo.

Nitaeleza jambo langu mwenyewe, si kwa kujisifu bali kwa kujishitaki. Ijumaa moja ya vuli, nikiwa na wanafunzi wawili wa madrasa, tulikuta korongo limejaa, na ng'ambo ndiko kwenye msikiti ambako mimi ndiye niliyekuwa nikingojewa kwa khutba. Mzee mmoja mchunga mbuzi akatuambia tungoje. Nikamwambia ya kuwa Ijumaa haingoji. Tukaingia tumeshikana mikono. Maji yalikuwa ya magoti, kisha ghafla yakawa ya kifua, kwani mchanga wa chini ulikuwa umechimbwa na maji tusiuone. Mwanafunzi mdogo akaniponyoka. Mwenyezi Mungu akamtupa kwenye mzizi wa mkuyu, akashika. Juzuu zangu na kitabu cha Minhaji vikaenda. Nilifika msikitini nimelowa, nikakhutubu, na watu wakanisifu kwa imani yangu.

Imani ipi? Sharia ilikuwa imekwisha nipa udhuru. Mvua kubwa na matope ni udhuru wa kuacha sala ya jamaa na ya Ijumaa pia, na Ibn Abbas (R.A.) siku ya mvua alimwamrisha mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Nilikuwa nikiisomesha mas'ala hii kila mwaka. Nilimkokota mtoto wa watu katika mauti kwa ajili ya faradhi iliyokuwa imenishuka, na laiti angalikufa, ningalimwambia babake ya kuwa mwanawe ni shahidi. Na yeye angalikuwa shahidi kweli, kwani hakuwa na shauri. Mimi je?

HUKUMU YA DEREVA NA ABIRIA

Kutokana na hayo itajulikana ya kuwa walio ndani ya gari moja hawawi katika hukumu moja. Abiria aliyelala, na mtoto, na mgeni asiyejua njia, na aliyesema nishusheni asishushwe, hao ni mashahidi bila ya shaka. Baligh mwenye akili aliyeyaona maji, akaonywa, akakaa kitini kwa khiari yake, jambo lake lina khofu. Na dereva ndiye mwenye jukumu kubwa.

Wanavyuoni wamesema katika vyombo viwili vilivyogongana ya kuwa manahodha wakizidiwa na upepo pasipo taksiri yao hawana dhamana, na wakifanya taksiri wanayo. Dereva ni kama nahodha. Akijiwa na maji ghafla barabarani, au daraja likabomoka chini yake lilipokuwa likionekana zima, hana lawama. Akiingia kwa kujua, hali watu wanampungia mkono kumzuia, amefanya taksiri, na juu yake iko dia, na kafara kwa kila nafsi aliyoiua: kuacha huru mtumwa muumini, na kwa kuwa zama hizi hawako, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Abiria watatu, ni miezi sita. Mahakama za serikali zina hukumu zao katika jinai, nazo hazimwondolei kafara hii, kwani ni baina yake na Mola wake.

Asiseme mtu ya kuwa gari ni zito haliwezi kubebwa. Maji ya futi 1 yaendayo kasi huweza kuliondoa gari dogo njiani, na ya futi 2 hubeba magari mengi, kwa sababu gari lina hewa ndani huelea kama mtungi. Na mtu mzima huangushwa na maji yasiyofika magoti. Zaidi ya hayo maji mekundu huficha, huoni kama barabara iko chini yake au imekwisha chukuliwa.

KUMUOSHA NA KUMSALIA

Shahidi ni wa namna mbili. Aliyeuawa katika vita vya jihadi haoshwi wala hasaliwi. Aliyezama ni shahidi wa akhera; thawabu yake iko kwa Mungu, ama hapa duniani hukumu yake ni ya maiti wengine: ataoshwa, atakafiniwa, atasaliwa na kuzikwa.

Wengi hudhani ya kuwa maji aliyozama yamekwisha mtosha josho, na kauli hii ina asili. Imamu Rafii aliona ya kuwa kuzama kwake kunatosha, kwa kuwa nia ya muoshaji si sharti. Lakini Imamu Nawawi akamfuata nyuma akasema ya kuwa kauli sahihi, iliyonusiwa na Imam Shafi'i mwenyewe, ni wajibu kumuosha. Maana yake ni kwamba sisi tulio hai ndio tulioamrishwa kuosha, na mto haukuamrishwa. Hii ndiyo inayofuatwa. Basi maiti akitolewa mtoni, hata kama amekaa humo siku mbili, muosheni. Ikiwa ameharibika hata akiguswa na maji atakatika, atatayamamishwa. Na kikionekana kiungo tu, na imejulikana ya kuwa ni cha mtu aliyekufa, kitaoshwa na kusaliwa kwa nia ya kumsalia mwenyewe.

Asiyeonekana kabisa ndiye mwenye kuumiza nyoyo. Katika Minhaji imesemwa ya kuwa aliyefikwa na maangamizo kama kuangukiwa na jengo, na isiwezekane kumtoa na kumuosha, hasaliwi, kwa kuwa josho limetangulia kuwa sharti. Baadhi ya wanavyuoni wetu wa baadaye hawakuridhika nayo. Wamesema kiwezekanacho hakianguki kwa sababu ya kisichowezekana, na makusudio ya sala hii ni dua na kumwombea maiti. Sisi twasomesha kilichomo kitabuni. Lakini mama aliyekaa ukingoni siku saba akingoja, akija kutuomba mwanawe asaliwe, hatumrudishi. Twafuata kauli ya hao wa baadaye.

Ama mke wa aliyepotea, asiozwe kwa dhana. Kauli mpya ya Imam Shafi'i ni kwamba hangojei miaka minne wala mingine, bali hungojea mpaka mauti yathibiti. Wakija watu waadilifu waliomwona akizama, kadhi akahukumu ya kuwa amekufa, hapo ataanza eda ya kufiwa.

Na neno moja juu ya maji yenyewe. Maji ya mafuriko yaliyogeuka rangi kwa udongo ni tohara, yafaa kutawadha, kwani udongo haudhuru. Yakiwa mengi yakachanganyika na ya vyoo, hutazamwa: yamegeuka kwa najisi au hayakugeuka. Lakini kutawadhia ni jambo moja na kunywa ni jambo jingine. Fiqhi ikisema maji ni tohara haikusema hayana kipindupindu. Yachemsheni.

MIRATHI YA WALIOZAMA PAMOJA

Waliosoma Rahabia wanalijua suala hili, kwani lina mlango wake. Watu warithianao wakifa pamoja kwa kuzama au kuangukiwa au kuungua, isijulikane nani aliyetangulia, hawarithiani. Kila mmoja mali yake huenda kwa warithi wake walio hai, kana kwamba yule mwingine hakuwako. Ikijulikana ya kuwa mmoja alitangulia, ijapokuwa kwa kitambo kidogo, aliyebaki nyuma humrithi. Na ikijulikana kisha ikasahauliwa, mali huzuiwa mpaka ikumbukwe au wapatane.

Nitatoa mfano wa jambo lililopata kuletwa kwangu. Mtu na mwanawe wa kiume walichukuliwa na korongo wakiwa wanarudi mnadani. Mtu yule ameacha mke, ambaye ni mama wa kijana, na binti mmoja kwa mke huyo, na ndugu yake wa baba na mama. Tuseme mali ni mbuzi 72, ili hesabu iwe nyepesi, na ya kuwa kijana hakuwa na mali yake.

Isipojulikana nani alitangulia, mwana hamrithi babake. Mke atapata thumuni, mbuzi 9. Binti nusu, mbuzi 36. Na ndugu, kwa kuwa ni asaba, atachukua waliobaki, mbuzi 27.

Ikijulikana ya kuwa baba alikufa kwanza, mke atapata 9 vilevile. Waliobaki 63 watagawanywa baina ya kijana na dada yake, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kijana 42 na binti 21. Kisha kijana naye amekufa, na mbuzi wake 42 ni urithi: mamake thuluthi, mbuzi 14, dada yake nusu, mbuzi 21, na ami yake waliobaki, mbuzi 7. Jumla mjane atapata 23, na binti 42, na ami 7.

Basi baina ya kujulikana na kutojulikana ami huzidi au hupungukiwa mbuzi 20. Mjane alidai ya kuwa mwanawe alikaa juu ya maji muda baada ya babake kuzama. Hakuwa na ushahidi ila maneno ya mchungaji mmoja ambaye hakuonekana tena. Nilimwambia ya kuwa dai halithibiti kwa maneno ya kupokewa, na mali itagawanywa kwa kutojulikana. Akalia, akanyamaza.

Ami alikuwa amekaa hapo hapo. Akaomba muda wa siku tatu. Siku ya nne akaja, amemtafuta yule mchungaji mpaka upande wa Kilindi akampata, na amesikia kwa kinywa chake ya kuwa kijana alishika tawi na kumwita babake ambaye alikuwa amekwisha kwenda. Akasema mbele ya jamaa: Mimi nasadiki ya kuwa kaka yangu alitangulia. Nikamfahamisha ya kuwa halazimiki, kwani mchungaji ni mmoja. Akasema anajua.

Na kukiri kwa mtu baligh mwenye akili juu ya nafsi yake kwatosha, hakuhitaji ushahidi wa pili. Mali ikagawanywa: mjane 23, binti 42, ami 7. Wallahu aalam.